Jino la Pembe Si Dawa ya Pengo

Mwananchi wa Unguja, Pemba au Mafia ajaye Dar es Salaam kwa matibabu aghalabu hatafuti nyumba ya wageni. Hufikia kwa ndugu yake, na ndugu huyo yumkini anaishi katika kata kama Kipawa, wilayani Ilala, kando ya Barabara ya Nyerere na jirani na uwanja wa ndege. Miongoni mwa wageni hao hawakosi watu waliokuja wameshika mashavu. Wameumwa jino kwa majuma mengi, wamesukutua maji ya chumvi, wametafuna karafuu, wamemeza vidonge vya kutuliza maumivu, na mwisho wamekopa nauli ya kuvukia bahari. Baada ya siku mbili tatu hurejea makwao wakiwa na pamba mdomoni na pengo jipya.

Hatusemi kwamba kila jino laweza kuokolewa. Liko jino ambalo limekwisha kuwa gae, na kuling'oa ndiyo huruma pekee iliyobaki. Tunalosema ni kwamba meno mengi yanayong'olewa nchini mwetu yangaliweza kuzibwa mapema, kwa kazi ya muda mfupi na kwa gharama ndogo. Wataalamu wetu wa kinywa na meno wameonyesha mara kwa mara katika uchunguzi wao kwamba tiba itolewayo zaidi katika vituo vya umma ni kung'oa, na kwamba kuziba ni kuchache mno. Hali hiyo imekaa nasi kwa muda mrefu hata wananchi wengi wakaamini kwamba kazi ya daktari wa meno ni moja tu, nayo ni koleo.

Yafaa basi ifahamike jinsi jino linavyoharibika, maana hapo ndipo ilipo hoja yetu. Vijidudu vya kinywani hula sukari tunayoiacha juu ya meno, vikatoa asidi, na asidi hiyo hulainisha gamba gumu la nje. Mwanzoni huonekana doa jeupe tu. Katika hatua hiyo dawa ya meno yenye floridi, pamoja na kupunguza sukari, yaweza kulirudishia gamba ugumu wake bila ya chombo chochote kuligusa. Hatua ya pili ni tundu. Hapo jino halijirudishi lenyewe, lakini laweza kusafishwa na kuzibwa, likatumika kwa miaka mingi. Hatua ya tatu ni uozo kufika kwenye kiini, penye mishipa ya damu na ya fahamu. Huko ndiko yatokako maumivu ya usiku yasiyomwacha mtu alale. Hapo huhitajika matibabu ya mzizi, yaani kusafisha njia za ndani ya mizizi na kuzijaza. Jino la mbele huwa na njia moja kwa kawaida, gego huwa na tatu au nne, na kazi yake yaweza kumrudisha mgonjwa kwa daktari mara kadhaa. Aghalabu gego lililotibiwa hivyo huhitaji pia kuvikwa kofia ili lisipasuke.

Hatua ya mwisho ni usaha. Mtu asidhani kwamba hilo ni jambo la kinywa peke yake. Usaha wa jino waweza kushuka shingoni na kifuani, ukaziba njia ya hewa na kuua. Kwa hiyo wale wasemao kwamba jino halijapata kumwua mtu wamekosea, na usemi huo hauna nafasi katika kupanga bajeti ya afya.

Lipo jambo ambalo kila Mtanzania yapasa alijue, na ambalo kwa maoni yetu halitajwi vya kutosha. Katikati ya miaka ya 1980 wataalamu wa shule ya udaktari wa meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Muhimbili, akiwamo Mholanzi Jo Frencken, walikabiliwa na swali la vijijini: jino litazibwaje mahali pasipo na umeme, wala maji ya bomba, wala mashine ya kutobolea? Jibu lao lilikuwa jepesi. Walitumia vifaa vya mkono kukwangua sehemu iliyolainika kwa uozo, kisha wakaziba tundu kwa kitu chenye kunata. Mara nyingi hapakuhitajika hata sindano ya ganzi. Njia hiyo ilipelekwa Thailand na Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikafanyiwa majaribio na kuimarishwa kwa kutumia saruji maalumu ya meno, iliyotengenezwa kwa unga wa kioo na asidi. Saruji hiyo hushikamana na jino, hukauka yenyewe bila ya taa, na hutoa floridi kidogo kidogo. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitambulisha njia hiyo kwa mataifa yote. Mwaka 2021 shirika hilohilo liliiingiza saruji hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floridi, katika orodha yake ya dawa muhimu.

Ndugu wasomaji, njia iliyochipuka hapa kwetu leo inafundishwa katika vyuo vya nchi tajiri na maskini. Itakuwa aibu iwapo mgonjwa wa Kipawa, Micheweni au Kilindoni ataikosa kwa sababu tu kituo hakina saruji kabatini.

Hatupendi kuikuza njia hiyo kupita kiasi. Tundu lililo upande mmoja wa jino huzibika vema, na kizibo chake hudumu. Tundu kubwa lililokula pande mbili au zaidi huwa na hatari ya kupoteza kizibo mapema. Zipo njia nyingine. Kizibo cha amalgamu, mchanganyiko wa zebaki na madini ya fedha, bati na shaba, kimetumika kwa zaidi ya miaka mia moja na ni kigumu sana, lakini karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ulioanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi zipunguze matumizi yake. Kizibo cha rangi ya jino hupendeza, ila hudai jino lililokauka barabara na taa maalumu ya kukigandisha. Ipo pia dawa ya maji yenye fedha na floridi, ambayo hupakwa juu ya tundu na kuusimamisha uozo. Huacha weusi, na mzazi aelezwe hivyo mapema, lakini humwepusha mtoto mdogo na sindano na koleo. Kila njia ina mahali pake. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa zote zilizopo, faida zake na hasara zake, kabla hajafunua kinywa.

Na jino likishang'olewa, je? Wazee wetu walisema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Meno ya jirani huinamia penye nafasi, jino la mkabala hurefuka kwa kukosa mwenzake, na mfupa wa taya hupungua. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua husaidia, lakini hayana nguvu ya jino la asili. Daraja hulazimu kuchongwa kwa meno mazima ya pembeni. Jino la kupandikizwa katika mfupa ni zuri, ila wengi wa wasomaji wetu hawana uwezo wa kulilipia. Hivyo anayeona kwamba ameokoa fedha kwa kung'oa amelihamisha deni tu, na deni hilo litadaiwa kwa riba.

Tunarudi kwa ndugu zetu wa visiwani. Mkazi wa Kipawa akiambiwa arudi wiki ijayo aendelee na matibabu ya mzizi, hupanda daladala. Mkazi wa Wete akiambiwa hivyo, hutazama bahari. Hupiga hesabu ya nauli, ya siku za kazi alizopoteza, na ya mzigo anaomtwisha ndugu aliyemkaribisha, kisha humwambia daktari aling'oe. Kwenye daftari huandikwa kwamba mgonjwa amechagua. Sisi tunasema kwamba mtu huyo hakuchagua, umbali ndio uliomchagulia. Dawa ya hali hiyo ni kulipeleka zibo kwake, kabla yeye hajalazimika kuifuata tiba kubwa ng'ambo.

Tunajua kwamba afya si jambo la Muungano, na kwamba kila upande una wizara yake na bohari yake ya dawa. Hilo lisiwe kisingizio. Kwa hiyo tunatoa rai zifuatazo kwa wahusika wa pande zote mbili.

Kwanza, kila kituo cha umma chenye tabibu wa kinywa na meno kiwe na seti ya vifaa vya mkono na saruji ya kuzibia wakati wote. Vifaa hivyo huchemshwa na kutumika tena kwa miaka. Kinachokwisha ni saruji, na hiyo yaweza kuagizwa kama ziagizwavyo dawa nyingine. Kumsomesha tabibu miaka mitatu, kisha kumwachia koleo peke yake, ni kuitupa fedha ya wananchi.

Pili, ripoti za kila wilaya zionyeshe meno mangapi yamezibwa kwa kila jino lililong'olewa, na hesabu hiyo ibandikwe mahali ambapo wananchi wanaiona. Mganga mkuu wa wilaya atakayeona mapengo yanazidi vizibo atajua pa kuanzia.

Tatu, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Zanzibar nayo ina mfuko wake wa huduma za afya. Wapangao mafungu ya huduma wahakikishe kwamba kuziba jino hakumgharimu mwanachama zaidi ya kuling'oa. Bima ilipayo koleo na kusita kulipa zibo itakuwa inanunua mapengo.

Nne, mgonjwa wa kisiwani anapopewa rufaa, miadi yake ipangwe kabla hajasafiri, na matibabu yawekwe katika siku zinazofuatana kadiri utaalamu unavyoruhusu. Jambo hili halihitaji jengo jipya. Linahitaji simu moja na moyo wa utumishi.

Tumewasemesha viongozi, haki inatutaka tuseme na wananchi pia. Wengi wetu hungoja jino liume ndipo tukumbuke kwamba tuna kinywa. Chai yenye sukari tele mara nne kwa siku, soda, kashata na ubuyu wa rangi vimeingia hata mikononi mwa watoto wasiokwisha kuota magego. Tupige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi: mtoto wa chini ya miaka mitatu kiasi cha punje ya mchele, na aliyefika miaka hiyo kiasi cha punje ya njegere. Wakazi wa sehemu za Arusha na Kilimanjaro, ambako maji ya baadhi ya visima yana floridi nyingi hata yakayatia meno rangi ya kahawia, wapate kwanza ushauri wa wataalamu. Tuache kubandika aspirini kwenye ufizi, kwani huunguza. Tuache pia ukatili wa kuwakwangua watoto wachanga ufizi kwa jina la meno ya plastiki. Kinachong'olewa pale ni chipukizi la jino halali la mtoto, wakati homa na kuhara kwake vinahitaji hospitali.

Aidha, katika barabara zetu zenye bodaboda nyingi, watu hupoteza meno kwa ajali. Jino la ukubwani lililong'oka zima laweza kurudishwa. Lishikwe sehemu ya kutafunia wala si mzizi, liwekwe ndani ya maziwa iwapo haliwezi kurudishwa palepale mahali pake, na majeruhi afikishwe kwa daktari upesi, ikiwezekana kabla ya saa moja kupita. Walimu na madereva wajue jambo hili.

Yawezekana msomaji akauliza kama ni haki kuzungumzia meno wakati akina mama wangali wakifariki katika uzazi na malaria ingali ikiua watoto. Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba saruji ya kuzibia haimnyang'anyi mama kitanda. Mtoto asiyelala kwa jino hasomi, mvuvi mwenye shavu lililovimba haendi baharini, na mgonjwa wa kisukari mwenye usaha kinywani hupata taabu kuidhibiti sukari yake. Afya ya mwili inaanzia pale chakula kinapoingilia.

Kila tarehe 20 Machi dunia huadhimisha siku ya afya ya kinywa, na hotuba husomwa. Tunapendekeza kwamba katika maadhimisho yajayo kila kiongozi atakayepanda jukwaani, awe Dar es Salaam, Unguja, Pemba au Mafia, aulize swali moja kabla ya kusoma hotuba yake: je, katika zahanati iliyo karibu na jukwaa hili, saruji ya kuzibia meno ipo? Ikiwapo, tutampigia makofi. Isipokuwapo, na aifunge hotuba yake, aende kuitafuta.