Tusiwatie uziwi wapasua mbao kwa tamaa ya kasi

MARUFUKU ya ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii ilipotangazwa nchini Februari 2018, wapasua mbao hawakuweka zana zao chini. Walihamia mashambani, kwenye mikaratusi na migrevilea ya wakulima, na huko ndiko mbao nyingi za ujenzi zilikotoka.

Na serikali ilipotangaza Julai 2023 kwamba inaiondoa marufuku hiyo, hatua iliyozua kesi mahakamani, mjadala ulihusu miti pekee. Je, ni mingapi itakatwa? Nani atakayefaidika? Lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032 litaathirika vipi?

Maswali hayo yana uzito. Hata hivyo, ni wachache waliouliza kuhusu mja anayeushika msumeno wenyewe.

Msumeno wa injini, ambao wengi mashinani huuita pawasoo, aghalabu si mali ya anayeutumia. Mwenye mashine huikodisha au humwajiri kijana, naye kijana hulipwa kulingana na futi za mbao alizopasua. Asiyepasua hali. Ndiposa kila njia ya kuuongezea msumeno kasi humvutia.

Kuna mabadiliko mawili yanayopendwa na watumiaji wa zana hii kote duniani. La kwanza ni kufunga miiba mikubwa ya chuma kwenye kiwiliwili cha mashine, pale unapoanzia upanga unaobeba mnyororo. La pili ni kuitoboa au kuipanua sailensa ili moshi utoke kwa wepesi. Wengi huyataja pamoja kana kwamba ni mapacha. Kwa hakika, tofauti yake ni kama ya ardhi na mbingu.

Tuanze na miiba. Hudungwa kwenye gogo na kuwa egemeo. Badala ya kuisukuma mashine kwa misuli ya mikono na mgongo, mpasuaji huinua mpini wa nyuma nao upanga ukazama wenyewe. Isitoshe, mnyororo unapokata kwa upande wa chini huuvuta msumeno kuelekea kwenye gogo, na miiba huuzuia kumponyoka. Kwa hivyo, mzigo unaondoka kwa binadamu na kubebwa na mti.

Hii haimaanishi kwamba miiba haina kasoro. Iliyo mirefu mno hupunguza sehemu ya upanga inayokata, na iliyofungwa kwa skrubu hafifu inaweza kung'oka. Wala haizuii msumeno kumrukia mtu usoni pindi ncha ya juu ya upanga inapogusa gogo jingine. Hiyo ni kazi ya breki ya mnyororo na uangalifu. Lakini miiba inayolingana na mashine ni jambo la kuhimizwa.

Sailensa ni kisa kingine. Ni kweli kwamba ikipanuliwa, injini hupumua vyema na nguvu huongezeka kiasi. Lakini hewa inayoingia huzidi petroli, na iwapo kabureta haitarekebishwa ipasavyo, pistoni hupata joto kupita kiasi na hatimaye hukwama. Aliyetafuta dakika chache hupoteza injini nzima.

Fauka ya hayo, aghalabu wavu mdogo unaozuia cheche hutolewa. Msimu wa kiangazi, cheche moja penye majani makavu yatosha kuteketeza shamba la jirani.

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, haionekani kwa macho. Kanuni za kudhibiti kelele kazini za mwaka wa 2005 zinataka mfanyakazi asikabiliwe na kelele inayozidi desibeli 90 kwa saa nane kwa siku. Msumeno wa injini, hata ukiwa na sailensa kamili, kwa kawaida hupita desibeli 100 sikioni mwa anayeutumia. Nguvu ya sauti huongezeka maradufu kwa kila desibeli tatu. Kwa hesabu hiyo, desibeli 105 kwa robo saa ni sawa na desibeli 90 kwa siku nzima ya kazi. Sembuse anayepasua tangu asubuhi hadi magharibi, bila vizibo vya masikio, na sailensa imetobolewa!

Uziwi wa aina hii hauna tiba. Humnyemelea mtu polepole, na anapogundua kwamba hasikii watoto wake wakimwita, maji yamekwisha kumwagika.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 humtaka mwajiri kutoa vifaa vya kujikinga. Lakini ni nani mwajiri wa kijana aliyekodishiwa mashine shambani mwa mtu? Mwenye msumeno humnyooshea kidole mwenye miti, mwenye miti humnyooshea mnunuzi wa mbao, na mnunuzi hana habari. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Faida ya kasi inagawanywa na wote, ilhali masikio yanayoharibika ni ya mtu mmoja.

Inafaa maafisa wa usalama kazini wavuke lango la viwanda na kufika mashambani. Vibali vya kuvuna miti viandamane na sharti la vizibo vya masikio, kofia ngumu na sailensa isiyochezewa. Nao wenye misumeno wawalipe vijana muda wa kunoa mnyororo, maadamu mnyororo mkali na uliokazwa sawasawa hukata vyema kuliko sailensa yoyote iliyotobolewa.

Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Kwa mpasua mbao, kinachotangulia mauti ni ukimya.