Nani Aandike Majina ya Mimea Yetu?

Siku hizi tunasikia sifa nyingi za hifadhidata za mimea. Yasemwa kwamba mimea ya dunia imekwisha kuandikwa katika madaftari ya kompyuta, na kwamba mtu yeyote mwenye simu, akiwa Kabanga mpakani mwa Burundi au akiwa London, aweza kulifungua daftari hilo na kusoma habari za jani lililo mkononi mwake. Sifa hizo si za uongo. Lakini twauliza: daftari hilo limeandikwa kwa ajili ya nani? Na mkulima wa Bugufi, ambaye wazee wake waliujua mmea ule kwa jina, kwa harufu na kwa kazi yake kabla hajazaliwa mtaalamu wa kwanza wa kuuandika, ana nafasi gani ndani yake? Sisi tunashikilia kwamba hana nafasi, na kwamba jambo hilo si la bahati mbaya. Ni desturi ya tangu zamani, na chombo kipya kimeirithi bila kuihoji.

Tuchukue mubirizi. Wahaya husema omubirizi. Warundi na Wanyarwanda husema umubirizi. Nchi nzima ya maziwa, yenye falme na mipaka iliyobadilika mara nyingi, imekubaliana juu ya neno hilo. Majani yake ni machungu kupita kiasi, na uchungu huo ndio ulioufanya uwe dawa ya homa na ya tumbo katika nyumba nyingi. Mwaka 1826 Mfaransa Delile aliuita Vernonia amygdalina. Leo ukiitazama hifadhidata ya bustani ya Kew, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 2017 kwa jina la Plants of the World Online, utaambiwa kwamba jina hilo limepitwa na wakati, na kwamba mmea sasa ni Gymnanthemum amygdalinum. Hatuwalaumu wataalamu kwa kusahihisha kazi yao. Sayansi isiyojisahihisha si sayansi. Tunachokataa ni ile hoja tunayoambiwa kila mara, kwamba majina ya wenyeji hayafai kuingizwa katika daftari kwa sababu hayana msimamo, ilhali Kilatini kina msimamo. Kati ya majina haya, ni lipi lililosimama na ni lipi lililohama?

Na tusidhani kwamba Kilatini huhama kwa sababu za sayansi peke yake. Kwa miaka mingi migunga yetu iliitwa Acacia, na mti uliokuwa kielelezo cha jina hilo ulikuwa wa Afrika. Katika mkutano wa wataalamu wa mimea uliofanyika Vienna mwaka 2005, uamuzi ukathibitishwa Melbourne mwaka 2011, jina lile likapewa miti ya Australia, kwa kuwa kule aina ni nyingi zaidi na usumbufu wa kubadilisha majina ungekuwa mkubwa zaidi. Migunga ya Afrika ikagawanywa katika Vachellia na Senegalia. Huo ulikuwa uamuzi wa kura. Tena ni kura iliyopigwa Madrid, Julai 2024, iliyoamua kuliondoa katika majina ya Kilatini tusi ambalo Waafrika wa kusini walitukanwa nalo na makaburu, na ambalo lilikuwa limekaa kimya katika majina zaidi ya 200 ya mimea. Basi majina ya sayansi nayo yana wenyewe, yana historia, yana wakubwa na wadogo. Anayesema kwamba Kilatini hakina kabila, na atuambie ni nani waliokaa katika chumba cha kura.

Iko hoja nyingine, nayo ni nzito zaidi. Tunaambiwa kwamba jina la kienyeji ni pambo tu, halimwongezei mtaalamu maarifa. Jibu letu liko katika milima ya Mahale, mkoani Kigoma. Mwaka 1987 Michael Huffman, mtafiti wa sokwe, alikuwa akimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku, aliyekuwa mgonjwa. Chausiku akauendea mmea fulani, akamenya gamba la shina changa na kunyonya utomvu mchungu wa ndani. Huffman hakujua maana ya kitendo hicho. Aliyejua ni mwenzake, Mohamedi Seifu Kalunde, mwenyeji wa Kitongwe na mjuzi wa dawa za kwao, ambaye alimweleza kwamba ule ni mjonso, na kwamba watu wake hujitibia nao. Makala waliyoiandika pamoja ikachapishwa mwaka 1989, na ni miongoni mwa misingi ya elimu mpya inayochunguza jinsi wanyama wanavyojitibu. Na mjonso huo ndio mubirizi wetu. Bila jina lile na maarifa yaliyofungwa ndani yake, ugunduzi ule ungekuwa sokwe anayekula shina chungu, basi. Mtaalamu angeandika mstari mmoja na kuendelea na safari.

Sasa tutazame daftari lenyewe lilivyotengenezwa. Mwaka 1861 James Grant, aliyesafiri pamoja na Speke, alizuiwa Karagwe na ugonjwa wa mguu. Mimea aliyoikusanya katika safari hiyo ilikwenda Uingereza. Wajerumani walipoishika nchi walipeleka vielelezo vyao Berlin. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliangukia nyumba ya mimea mikavu ya Berlin, ile ambayo wataalamu huiita hebaria, na sehemu kubwa ya vielelezo ikateketea, vikiwamo vielelezo vya kwanza vya mimea mingi ya Tanganyika. Vita havikuwa vyetu, na hasara ikawa yetu. Baadaye Waingereza walianza kitabu kikubwa cha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, Flora of Tropical East Africa, kilichotoka kwa sehemu kuanzia mwaka 1952 hadi 2012: sehemu 263, aina 12,104. Ni kazi ya kustahiwa, na sisi hatuna sababu ya kuidharau. Kurasa zake zinavitaja mara kwa mara vielelezo vya Ngara vilivyokusanywa karibu na mwaka 1960 na Ralph Tanner, aliyekuwa ofisa wa utawala wa Kiingereza. Lakini katika kitabu hicho Tanzania imekatwa vipande vya namba, na Ngara na Biharamulo zimo katika kipande T1 pamoja na Bukoba na Mwanza. Umbo la mbegu limeelezwa hadi sehemu ya milimita. Mwenyeji aliyemwonyesha mkusanyaji njia hakutajwa, na jina alilolitamka halikuonekana kuwa sehemu ya elimu.

Mtu akisimama Kabanga huuona upungufu huu kwa macho yake. Bugufi ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi kabla wakoloni hawajachora mipaka yao, na Kihangaza na Kirundi ni lugha za tumbo moja. Kichaka kilichoko upande wetu ndicho kilichoko Kobero, hatua chache ng'ambo. Lakini kichaka cha Kabanga kimeandikwa Kew kwa Kiingereza, na kile cha Kobero kimeandikwa Ubelgiji kwa Kifaransa, katika kitabu cha mimea ya Afrika ya Kati kilichoanza kutolewa mwaka 1948, wakati Ruanda-Urundi ilipokuwa chini ya Wabelgiji. Hifadhidata za leo zilipozaliwa ziliyabeba madaftari yote mawili kama yalivyokuwa. Mpaka uliowagawa watu ukagawa na majani, na neno moja lililokuwa likiviunganisha vichaka vile, neno la wenyeji, ndilo peke yake lililoachwa nje.

Madhara ya jambo hili si ya heshima tu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, wakimbizi waliokadiriwa wakati ule kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Kambi ya Benako ikatokea mahali palipokuwa na miti na mashamba, na kambi nyingine zikafuata. Watu wale walihitaji kupika na kujenga, na kuni hazikuwa dhambi yao. Mtu aliyeponea panga haulizwi kwa nini amekata tawi. Lakini walipokuwa wamekwisha kuondoka, Desemba 1996, na ikaja mipango ya kupanda miti, swali la kwanza lilipaswa kuwa: hapa palisimama nini? Kwa kilima fulani, kwa bonde fulani, kulikuwa na miti gani, na ipi ilikuwa mingi? Vielelezo vya Tanner ni mashahidi wazuri, lakini kielelezo kimoja chasema mmea ulikuwapo, hakisemi uoto ulikuwaje. Hayo yalikuwa vichwani mwa wazee wa vijiji, kwa Kihangaza na Kishubi, na hapakuwa na daftari lililoweza kuyapokea. Kwa hiyo tunasema kwamba daftari lisilojua lugha ya mahali hulipoteza jambo lile lile lililowekwa kulitunza.

Wako watakaosema kwamba tunadai jambo lisilowezekana. Hao hawajui historia. Greenway, akiwa katika kituo cha utafiti cha Amani, alichapa kamusi ya majina ya Kiswahili ya mimea mwaka 1937, na toleo la pili likatoka mwaka 1940. Mwaka 1994 Watanzania Mbuya, Msanga na Ruffo, pamoja na wenzao Birnie na Tengnäs, walitoa kitabu cha miti yenye manufaa Tanzania, na mwaka 2002 Ruffo na wenzake wakatoa kile cha mimea ya porini inayoliwa. Katika vitabu hivyo jina la kila kabila limepangwa mbele ya lugha yake, bila fujo. Wataalamu wa tiba asili wa Muhimbili walifika Bugabo, Katoro na Kikuku, wakaandika dawa za Wahaya katika makala za mwaka 2009, 2010 na 2012. Kasoro ni moja, nayo haikuanza kwao: ukiondoa majina, maelezo yote ni ya Kiingereza. Bibi wa Katoro aliyefundisha hawezi kusoma kilichoandikwa kutokana na mafundisho yake, na mjukuu wake wa shule ya msingi hawezi kumsomea.

Hoja ya wizi tunaikubali kuwa ni hoja ya kweli. Wazee wetu hawakuficha dawa kwa uchoyo. Walijua kwamba anayekuuliza kwa upole aweza kurudi na karatasi ya umiliki. Lakini tutazame mambo yalivyowapata Wasani wa Afrika Kusini. Walitafuna mmea wa hoodia kuzuia njaa wakiwa mawindoni. Taasisi ya utafiti ya nchi yao ikajiandikishia haki ya dawa iliyotoka humo bila kuwauliza. Na mwaka 2003 ikalazimika kukubaliana nao kuhusu mgawo wa faida, kwa sababu ilijulikana wazi kwamba ujuzi ulikuwa wao. Maandishi yalimwonyesha mchukuaji njia, na maandishi hayo hayo yakampa mwenyewe ushahidi. Basi yafaa kutenganisha vitu viwili. Jina la mmea, mahali unapoota na aliyelitaja, hayo yaandikwe wazi. Kipimo cha dawa na namna ya kuichanganya, hayo yakae mahali penye kufuli, chini ya sheria ya tiba asili ya mwaka 2002 na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, mpaka mwenye ujuzi atakapotoa idhini yake.

Vyombo tunavyo. Hebaria ya Taifa iko Arusha, leo chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ya kwake. Tume ya Sayansi na Teknolojia ndiyo inayoiunganisha Tanzania na GBIF, hifadhidata ya dunia ya viumbe yenye makao yake Copenhagen. Tena fomu inayotumiwa na hifadhidata hiyo, ile ya kanuni ya Darwin Core, inayo nafasi ya jina la wenyeji. Nafasi imo, mara nyingi inaachwa tupu. Hakuna aliyekatazwa kuijaza. Maneno ya Kiswahili ya kueleza jani, ua na tunda yamekuwapo shuleni kwa miaka mingi, na TUKI ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kwa hiyo anayesema kwamba Kiswahili hakijakomaa kwa kazi hii anaisingizia lugha uvivu wake mwenyewe.

Na jambo hili halingoji. Mkataba wa nikeli ya Kabanga ulitiwa sahihi Januari 2021, na leseni maalumu ya uchimbaji ikatolewa Oktoba mwaka ule ule. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yataka athari za miradi ya namna hii zitathminiwe, na tathmini yoyote ya kweli huhesabu mimea. Twasema orodha za mimea zinazofanywa katika vilima vile zisiishie katika kabati za ofisi. Kila mmea uandikwe kwa Kilatini, kwa Kiswahili, kwa Kihangaza na kwa Kishubi, pamoja na jina la mzee aliyeutambua kama mwenyewe ameridhia kutajwa. Vijana wa shule za sekondari za Ngara na Biharamulo wafundishwe kukausha kielelezo na kujaza fomu, na wapewe posho kama wanavyopewa vibarua wengine wa utafiti. Kielelezo kimoja kibaki wilayani na cha pili kiende Arusha, ndipo picha yake iende Copenhagen au Kew. Na zile orodha zilizokwisha kufanywa zikabidhiwe sasa, pamoja na vielelezo vyake, wakati wazee wanaoweza kuzisahihisha wangali hai.