Pasipoti Haifundishi

Mwezi uliopita, baada ya somo la fonetiki, mwenzetu mmoja wa promosheni alitoka ukumbini na simu mkononi, uso umemkunjamana. Alikuwa ameomba kazi ya kufundisha Kiingereza huko Korea ya Kusini, na jibu lilikuwa limefika asubuhi ile ile. Walimshukuru kwa barua yake, wakamwambia kwamba wanapokea raia wa nchi saba peke yake. Akatusomea majina: Marekani, Kanada, Uingereza, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Diploma je? Yoyote ya chuo kikuu, hata ya jiolojia. Picha ya uso? Lazima.

"Yaya," akaniambia, "miye miaka tano nasoma gramere na fonetiki. Bale banabalipa juu ya sura tu."

Wote tuliitikia, na mimi nikiwemo. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria jambo hili, kwa sababu kazi yangu ya mwisho wa masomo inahusu ufundishaji wa Kiingereza, na nimesoma kidogo juu ya maisha ya hao tunaowaonea wivu. Mwenzangu ana haki kuhusu sheria. Kuhusu faida wanayoipata wale waliochaguliwa, sidhani.

Viza ambayo Korea inawapa walimu wa lugha huitwa E-2. Kwa upande wa Kiingereza, kando na mapatano machache ya pekee, inamtaka mtu awe raia wa mojawapo ya nchi zile saba na awe na diploma ya chuo kikuu katika fani yoyote. Mkenya au Mnigeria aliyesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza hana nafasi, hata akiwa amefundisha miaka ishirini. Kijana wa Ohio aliyemaliza masomo ya biashara juzi anayo. Hapo hakuna la kubishana: hiyo ni dharau kwa kazi ya ualimu.

Sasa tumfuate huyo kijana wa Ohio mpaka kazini. Mara nyingi anaajiriwa na hagwon, yaani shule ya binafsi ambako watoto wa Korea hupelekwa mchana na jioni, baada ya shule ya kawaida. Wengine huenda shule za serikali kwa programu ya EPIK, iliyoanza mwaka 1995. Mkataba ni wa mwaka mmoja. Shule inampa nyumba, mara nyingi na tiketi ya ndege, na mshahara wa won milioni mbili na kidogo kwa mwezi. Ukiwa Lubumbashi unaona ni mbingu. Lakini viza ile imefungwa kwa mwajiri. Akitaka kwenda shule nyingine kabla mkataba haujaisha, anahitaji barua ya kuachiliwa kutoka kwa mkubwa yule yule anayemkimbia. Nyumba nayo ni ya mkubwa. Kwa hiyo siku wanapogombana, mwalimu anaweza kupoteza kazi, kitanda na ruhusa ya kukaa nchini kwa pamoja. Tena sheria ya Korea inamwamuru mwajiri amlipe mshahara wa mwezi mmoja zaidi kila aliyetimiza mwaka kazini. Moja ya malalamiko yanayojulikana sana miongoni mwa walimu hao ni kufukuzwa mwezi wa kumi au wa kumi na moja, ili pesa hiyo isitoke. Wako pia wenye shule wanaowaandika walimu kana kwamba ni watu wanaojitegemea, wasije wakachangia pensheni yao na bima ya afya.

Na watu wanawaonaje? Hapa ndipo niliposhangaa zaidi. Mzazi anayelipa ili mtoto wake akae mbele ya mgeni, anamwamini mgeni huyo kwa masikio tu. Nje ya darasa, magazeti ya huko yalipenda kuandika juu ya walimu wa kigeni walevi, wavuta bangi, watu walioshindwa maisha kwao wakaja kula pesa za wazazi. Mwezi wa Oktoba 2007 Mkanada mmoja aliyekuwa amefundisha Korea alikamatwa Thailand kwa kuwanajisi watoto. Korea ikaweka masharti mapya kwa wenye viza ya E-2: cheti cha mahakama, kipimo cha dawa za kulevya na kipimo cha virusi vya UKIMWI. Kuhusu cheti cha mahakama sina neno. Natamani shule zetu nazo zingeangalia rekodi za watu wanaowakabidhi watoto. Lakini kipimo cha UKIMWI kina uhusiano gani na kufundisha vitenzi? Na mbona walimu wenye asili ya Korea waliokulia nje, waliokuwa wakifundisha Kiingereza kile kile, hawakudaiwa kipimo hicho?

Mwalimu mwanamke kutoka Nyuzilandi alikataa kupimwa tena mwaka 2009, akakosa mkataba mpya. Alipeleka mashtaka mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayopinga ubaguzi wa rangi. Mwaka 2015 kamati ikasema Korea imevunja haki zake, na mwaka 2017 sharti lile likaondolewa. Miaka kumi kamili tangu mwaka ule wa 2007.

Mimi naona mambo hayo mawili, kusifiwa na kushukiwa, yanatoka katika chungu kimoja. Mtu ambaye hakuulizwa anajua nini siku ya kuajiriwa, hataaminiwa kwamba anajua kitu siku ya matatizo. Alipokelewa kwa sura, na hana kingine cha kuonyesha kinachomtetea, hata kama kwa kweli ni mwalimu mzuri. Na wako wazuri. Japani waliona jambo hilo mwaka 2007 huo huo, NOVA, kampuni kubwa ya shule za lugha, ilipofilisika: walimu wa kigeni kama 4,000 wakabaki bila mshahara, na baadhi wakafukuzwa nyumbani, kwa sababu kampuni ilikuwa ikikata kodi ya nyumba kwenye mishahara yao bila kuifikisha kwa wenye nyumba. Chama cha wafanyakazi kikapanga masomo ya kubadilishana na chakula. Mwalimu wa Kiingereza kutoka London anafundisha apate sahani ya wali!

Wazo kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni yule aliyekinyonya na maziwa ya mama halikuzaliwa Korea. Msomaji wa idara yetu atakumbuka kwamba lilipigiwa muhuri hapa jirani, Makerere, Uganda, katika mkutano wa mwaka 1961 kuhusu kufundisha Kiingereza katika nchi za Jumuiya ya Madola. Mwaka 1992 Robert Phillipson alilirudia katika kitabu chake juu ya ubeberu wa lugha, akaliita kosa. Sisi tumesoma ukurasa ule, tumeujibu katika mtihani, tumepata alama zetu. Halafu tukatoka nje tukaendelea kama zamani.

Nasema hivi kwa sababu miaka miwili iliyopita, katika parseli tunamopanga kule Kenya (komini yetu ya Lubumbashi, siyo nchi), alipanga mwalimu mmoja kutoka Kitwe. Kwao alikuwa akiuza vipuri vya magari. Mwenye shule moja ya binafsi alimsikia akizungumza Kasumbalesa, akamwomba aje. Baada ya wiki mbili bango la shule likaandikwa kwamba Kiingereza kinafundishwa na walimu wa Zambia. Wazazi wakafurahi. "Ile njo Kingereza ya kweli," mama mmoja wa jirani aliniambia, mimi niliyekuwa mwaka wa pili wa Kiingereza na nilikuwa nikimfundisha mwanawe bure.

Kila jioni bwana yule alikuja na daftari karibu na mbabula yetu, tukichanganya Kibemba na Kiingereza, nami nikamweleza nyakati za vitenzi alizotakiwa kufundisha kesho yake. Alijua kuzitumia zote. Hakujua kusema kwa nini. Kwa hiyo sarufi ya shule ile ilikuwa yangu, na bango lilikuwa lake. Sikuwa na kinyongo. Lazima niseme ukweli pia: asubuhi aliimba na watoto, akawachekesha, na walimpenda kuliko walivyowahi kunipenda mimi.

Hakupewa mkataba. Viza aliyoahidiwa na shule haikulipwa. Mwezi wa tatu mshahara haukutoka, na alipouliza, akajibiwa kwa upole kwamba mtu ambaye karatasi zake haziko sawa hafai kupiga kelele. Nilidhani walimu wenzake watamtetea. Wengi wao walikuwa wamewahi kufundisha shule za serikali kama N.U., miaka bila kuingia kwenye orodha ya malipo. Njaa ya mwalimu wanaijua. Wakasema, "Ule ni mugeni, iko na makuta yake." Jumapili moja aliondoka kwa gari la Kasumbalesa, akatuachia sufuria moja na miezi miwili ya deni ambayo haitalipwa. Asistenti mmoja wa idara yetu aliposikia nafasi iko wazi, alipeleka barua shuleni pale. Hawakumjibu. Walimchukua Mzambia mwingine.

Sasa niambie, ndugu msomaji, tofauti kati ya mwenye shule yule na ofisi ya Korea iliyomkataa mwenzetu iko wapi?

Na sisi wenyewe katika klabu yetu ya Kiingereza tunafanya nini? Mwaka jana tulialika injinia wa mgodi, Mwaustralia, aje kufungua mwaka. Ni mtu mwema, aliacha mapumziko yake ya Jumamosi akaja. Tulimkalisha mbele, tukapiga naye picha. Mwanafunzi mmoja akamuuliza tofauti kati ya nyakati mbili za wakati uliopita. Alifikiri, akacheka, akasema kwamba inasikika vizuri hivyo tu. Nilimheshimu kwa kusema kweli. Lakini asistenti wetu wa fonetiki, aliyetufundisha miaka mitatu, alikuwa nyuma ya ukumbi akishika waya wa projekta usichomoke. Swali lile alilijibu yeye, nje, baada ya picha, kwa dakika tano, kwa wanafunzi wanne. Yeye mwenyewe alijifunza Kiingereza akiwa mkubwa, kwa Kifaransa na Kiswahili kichwani kama sisi, na ndiyo sababu anajua hasa ni wapi tunajikwaa.

Nimepeleka maombi matatu kwa kamati ya klabu. Mwaka ujao ufunguliwe na asistenti huyo, na wageni waalikwe kuzungumza nasi kama wageni, siyo kama walimu. Vituo vya lugha tunakofanya staji viandikiwe barua ili katika matangazo yao waulize mtu amesomea nini na amefundisha wapi, waache kuuliza anatoka wapi. Na mgeni yeyote anayefundisha Kiingereza mjini kwetu, Mzambia au Mwingereza, tumuulize kama ana mkataba na kama amelipwa, kabla ya kumwomba atusahihishie matamshi. Ombi hili la tatu liliwachekesha baadhi ya wanakamati. Wamesema watayajadili yote baada ya sesheni ya pili.

Mwenzetu wa Korea naye ameandika barua nyingine, safari hii kwa shule moja ya hapa mjini. Tangazo lao linataka mwalimu anayetoka nchi ya Kiingereza. Ameipeleka hivyo hivyo, na nyuma yake ameambatisha alama zake zote za miaka mitano.