Safari ya ndege: dawa ya mtoto ikae mkononi

Mwili wa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hautengenezi insulini. Akikosa sindano zake kwa siku moja tu, anaweza kuzidiwa na kulazwa. Kwa hiyo familia inapofungasha kwa safari ya Dar es Salaam hadi Washington kupitia Dubai, swali la kwanza si nguo wala zawadi za ndugu. Ni insulini itakaa wapi.

Insulini yote ikae kwenye mkoba wa mkononi. Wapo wazazi wanaoweka nusu mkononi na nusu kwenye begi kubwa linaloachwa kaunta, wakiamini wamechukua tahadhari. Lakini begi hilo linaweza kuchelewa siku mbili au tatu, na huko chini linakokaa baridi inaweza kufika kiwango cha kugandisha. Insulini iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana safi kama ilivyokuwa. Anayetaka kugawa, agawe kati ya watu: sehemu kwa mama, sehemu kwa baba au kaka mkubwa. Na kiasi kiwe mara mbili ya mahitaji ya safari, kwani ndege huahirishwa.

Kuna mtego mwingine mlangoni mwa ndege. Ndege ikijaa, wahudumu huchukua mikoba ya mkononi ya baadhi ya abiria na kuipeleka chini. Dawa zikiwa kwenye kifuko chake kidogo, mzazi anakichomoa na kubaki nacho.

Ukaguzi ndio unaowatia wengi hofu, hasa kwa sababu ya sindano na vimiminika. Tangu mwaka 2006, viwanja vingi vya ndege duniani viliweka kikomo cha mililita 100 kwa kila chombo cha kimiminika cha mkononi. Dawa anazohitaji abiria safarini hazifungwi na kikomo hicho, lakini msamaha huo una sharti: zitajwe. Mzazi asisubiri mashine igundue. Akifika kwenye trei, atoe kifuko cha dawa na kusema mapema: hii ni insulini ya mtoto, ana kisukari, hizi ni sindano zake na hii ni barua ya daktari. Ofisa aliyeambiwa mapema huwa na maswali machache kuliko aliyeshtukizwa na sindano kumi ndani ya begi la shule. Kupita Dar es Salaam si mwisho wa kazi. Dubai mkoba hukaguliwa upya, kwa hiyo barua isizikwe chini ya madaftari.

Barua hiyo iandikwe kwa Kiingereza, iwe na nembo na muhuri wa hospitali, na majina ya mtoto yafanane na ya pasipoti. Hapa ndipo familia nyingi hukwama: kadi ya kliniki ina majina mawili, pasipoti ina matatu. Daktari ataje ugonjwa, dawa na kipimo chake, sindano, kipima sukari na vifuko vya kupoozea. Jina la dawa yenyewe liandikwe, si la kibiashara pekee. Hata hilo hubadilika kwa nchi: salbutamol ya mtoto mwenye pumu huitwa albuterol Marekani, na paracetamol huko ni acetaminophen.

Vidonge vya familia vibaki kwenye pakiti zake. Bahasha ndogo ya duka la dawa iliyoandikwa "1x3" inaeleweka Kariakoo, lakini haimwelezi chochote ofisa wa Dubai. Na kama bibi yumo safarini, dawa zake za maumivu nazo zitazamwe. Tramadol na codeine ni dawa zinazodhibitiwa vikali Falme za Kiarabu. Atakayetoka uwanjani kuingia nchini anahitaji kibali cha mamlaka za huko, kinachoombwa kabla ya safari. Baadhi ya dawa za kikohozi zina codeine ndani yake, kwa hiyo lebo isomwe.

Mtoto anayevaa pampu ya insulini au sensa ya sukari ana jambo lake. Watengenezaji wengi wanaonya kwamba vifaa hivyo visipite kwenye eksirei wala baadhi ya skana za mwili. Mzazi asome maelekezo ya kifaa, kisha aombe mtoto akaguliwe kwa mikono. Kwa binti wa miaka 13, kupapaswa mbele ya foleni ni aibu kubwa. Ana haki ya kuomba ofisa wa kike na chumba cha faragha, na ni vizuri alijue hilo akiwa bado nyumbani.

Ndani ya ndege mambo huwa mepesi zaidi. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, lakini aina nyingi zikishafunguliwa hukaa wiki nne hivi bila friji, mradi joto lisizidi 30. Kifuko cha barafu kisigusane na dawa. Kitambaa kiwe katikati. Asikabidhiwe mhudumu aiweke kwenye barafu, kwani inaweza kuganda au kusahauliwa. Sindano ya kalamu itolewe baada ya kila matumizi, maana mabadiliko ya hewa huingiza mapovu. Na mtoto asichomwe sindano ya chakula kabla sahani haijawa mbele yake; ndege ikianza kuyumba, toroli la chakula hurudishwa. Glukosi ya unga au pipi ziwe mfukoni, si juu kwenye kabati.

Saa nazo zina hesabu yake. Majira ya joto, Washington iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa saba, hivyo sindano ya saa tatu usiku nyumbani inaangukia saa nane mchana kule. Ratiba hiyo ipangwe na daktari wiki kadhaa kabla, iandikwe kwenye karatasi, na kila mtu mzima aliye safarini awe na nakala.

Usiku wa kuamkia safari, vitu vyote vipangwe mezani na mtoto mwenyewe avitaje kimoja kimoja: hii ya asubuhi, hii ya usiku, hii nikitetemeka. Uwanja una watu wengi na mzazi anaweza kupotezana naye kwa dakika kumi. Mtoto wa miaka minane anayeweza kusema "nina kisukari, dawa yangu iko kwenye kifuko hiki" anaweza kusaidiwa na mtu yeyote aliye karibu.