Paka wa ghalani Mpale, paka wa sokoni Korogwe: tatizo ni lile lile

Mavuno ya masika yakishaingia ndani, simu za kipindi chetu cha asubuhi hubadilika. Wiki chache nyuma watu walikuwa wanaulizia bei ya mahindi. Sasa wanaulizia panya.

Mama mmoja alipiga kutoka Mpale, kule juu milimani katika wilaya ya Korogwe. Nikamwambia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, halafu akaingia moja kwa moja kwenye shida yake. Jirani alitega sumu ya panya iliyochanganywa na dagaa. Siku mbili baadaye paka wa yule mama akakutwa amekufa nyuma ya jiko. "Sasa panya wanacheza ngoma juu ya dari," alisema, "na gunia la maharage limeshatobolewa."

Nikamuuliza kama atafuta paka mwingine. Akasema ameshampata, kwa sababu paka wa shemeji yake alizaa watatu. Mmoja kamchukua yeye. Na wale wawili? "Walipakiwa kwenye gari la mnadani wakaachwa Manundu." Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anayekueleza amepeleka ndizi sokoni.

Nimeifikiria sana simu ile. Huwa tunazungumza juu ya paka wa vijijini na paka wa mitaani kana kwamba ni mambo mawili. Yule wa kijijini tunamwita mfanyakazi wa nyumba, yule wa sokoni tunamwita paka shume, mwizi wa samaki. Kumbe ni ndugu wa tumbo moja. Wale mnaowaona chini ya meza za mama ntilie pale Mombo mabasi yanaposimama, au kwenye mabucha ya Korogwe na Handeni mjini, wengi asili yao ni nyumba ya mtu.

Hesabu yake si ngumu. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi mitano au sita tu, hata kabla mwenyewe hujamwona kuwa mkubwa. Mimba huchukua kama siku 63 hadi 65. Anazaa watatu, wanne, pengine watano, na katika mwaka mmoja anaweza kuzaa mara mbili au tatu. Nyumba inahitaji paka mmoja, labda wawili. Wanaobaki lazima waende mahali, na mahali penyewe ni sokoni.

Wenye mabucha wakichoka, nao hutafuta sumu. Hapo ndipo mzunguko unapokamilika, maana sumu yenyewe ni ile ile iliyomuua paka wa Mpale.

Sumu hii inahitaji maelezo, kwa sababu wengi mnaamini paka ana akili ya kutoila. Anaweza asiile kabisa na bado ikamuua. Sumu nyingi za panya zinazouzwa madukani hufanya kazi kwa kuzuia damu isigande. Panya akila hafi papo hapo. Huchukua siku kadhaa, akitembea kilegevu. Panya mlegevu ndiye rahisi kukamatwa, na paka akila panya wa aina hiyo mara kwa mara, sumu inamwingia naye. Akiwahishwa kwa daktari wa mifugo kuna tiba, vitamini K. Ila mbaya zaidi ni zile unga zisizo na lebo zinazouzwa kwa vipimo vidogo kwenye magulio. Nyingine ni dawa za shambani zilizopimwa upya. Hizo zinaua haraka, na haziulizi kama aliyekula ni panya, paka, kuku au mtoto.

Na panya wa kwetu si jambo la kuchekea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro (ndiko huko panya buku wanakofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, kwa hiyo panya wanawajua kwa pande zote mbili), wamefanya kazi ya miaka mingi juu ya panya wa mashamba. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba hula takriban asilimia 15 ya mahindi ya nchi hii. Halafu kuna tauni. Majirani zetu wa Lushoto walianza kuugua mwaka 1980, na katika miongo iliyofuata waliougua walihesabiwa kwa maelfu. Tauni huletwa na viroboto vya panya. Paka mwenyewe anaweza kuipata akila panya mgonjwa, na kubeba viroboto hadi kitandani kwako. Kwa hiyo kumtunza paka viroboto si anasa ya watu wa mjini.

Lakini hapa watu wa Handeni wanisikilize vizuri, maana ng'ombe na dawa za kuogeshea mifugo mko nazo karibu. Usimwogeshe paka kwa dawa ya kupe ya ng'ombe. Zile zenye pareto za kutengenezwa kiwandani, kama saipamethrini na pamethrini, ini la paka haliwezi kuzivunja. Anaanza kutetemeka, anadegedega, anakufa. Vivyo hivyo Panadol: kidonge kimoja unachomeza wewe kwa kichwa kinatosha kumuua paka. Nimepata ujumbe wa msikilizaji aliyempa nusu kidonge kwa huruma. Hakuamka.

Je, paka peke yake anamaliza panya? Tuseme ukweli. Mwaka 2017 watafiti waliochunguza maboma ya vijijini huko Eswatini walitoa matokeo yaliyonishangaza. Boma lenye paka tu, au mbwa tu, halikuonyesha tofauti kubwa. Lenye paka na mbwa pamoja ndilo ambalo panya waliogopa kutembea na kula. Kwa hiyo paka ni sehemu ya ulinzi. Sehemu nyingine ni kihenge kilichoinuliwa na kufungwa bati miguuni, nafaka isiyomwagwa sakafuni, na nyasi zilizofyekwa kuzunguka nyumba. Hata ile mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa, ambayo inazuia dumuzi vizuri, meno ya panya yanaitoboa.

Nikirudi kwenye watoto wa paka, suluhisho ninalolitetea ni kuhasi. Naelewa mnachosema, nimesoma ujumbe wenu wote. Wa kwanza: paka akihasiwa anakuwa mvivu, hawindi. Si kweli, uwindaji hautoki kwenye viungo vya uzazi. Dume aliyehasiwa hazururi usiku wala hapigani sana, kwa hiyo anakaa nyumbani zaidi, na ghala liko nyumbani. Wa pili: paka akilishwa hawindi. Huyo naye ana njaa tu, na mwenye njaa huhamia kwa jirani mwenye samaki. Mpe chakula kidogo na maji, atawinda bado.

Wa tatu ndio mzito, na sina jibu jepesi: daktari yuko wapi? Kuhasi paka jike ni upasuaji wa tumbo. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka kazi hiyo ifanywe na mtaalamu aliyesajiliwa, na ni sawa, usikubali kijana wa mtaani mwenye wembe. Lakini mtu wa Mpale ashuke mlima na paka kwenye kikapu, alipe nauli kwenda na kurudi, kisha alipie upasuaji, kwa mnyama aliyempata bure? Wachache watafanya. Huko Lamu, Kenya, kisiwa kinachojulikana kwa paka wake, ipo kliniki ya ustawi wa wanyama inayowahasi paka wa mitaani na kuwarudisha walikotoka. Kwetu naona njia ya karibu ni halmashauri kuongeza kazi hiyo kwenye safari ambazo tayari zinafanywa, zile za chanjo ya kichaa cha mbwa.

Chanjo hiyo inahusu paka pia, jambo ambalo wengi hawalijui. Karibu vifo vyote vya watu kwa kichaa cha mbwa hutokana na mbwa, na Tanzania inakadiriwa kupoteza watu wapatao 1,500 kila mwaka. Ila paka aliyeng'atwa na mbwa mgonjwa naye huugua na kuambukiza. Dunia imejiwekea lengo la kumaliza vifo hivi ifikapo 2030, na 28 Septemba huadhimishwa kila mwaka kwa ajili hiyo. Wataalamu wakifika kwenye kata yako, watu huleta mbwa kwa kamba na kumwacha paka amelala kwenye magunia. Mlete, akiwa na miezi mitatu na kuendelea. Na paka usiyemjua akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kuhusu kuwatupa sokoni: Sheria ya Ustawi wa Wanyama Namba 19 ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amlishe, amlinde na asimsababishie mateso. Wasikilizaji Waislamu nao wanaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Sijasikia mtu wa huku kwetu akipelekwa mbele ya hakimu kwa ajili ya paka, na sidhani kwamba polisi ndiyo dawa.

Juzi nilimpigia tena yule mama. Paka wake mdogo ameshakamata panya wa kwanza, mdogo kama kidole, akamleta hadi mlangoni kuonyesha. Ni jike. Nilimuuliza atafanyaje akianza kulilia madume. Akanyamaza kidogo, akaniuliza afisa mifugo anapanda lini na chanjo, maana kikapu chenye mfuniko ameshakipata.