Rukwa peke yako na begi mgongoni? Ramani ya simu haitoshi

Tunduma. Wazungu wenye mabegi makubwa mgongoni si kitu kipya hapa. Wanashuka kwenye basi, wanabadilisha shilingi kuwa kwacha, wanagongewa muhuri, hao Nakonde upande wa Zambia. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe mwaka 2019, hata sababu ya kulala mjini imepungua.

Wachache wanajua kwamba mkoa huohuo una ufukwe wa porini. Kaskazini mwa Songwe, ardhi inashuka kwenye Bonde la Ufa hadi Ziwa Rukwa. Huko kuna wavuvi, wafugaji, viboko, mamba na ndege wengi. Kwa anayetaka kutembea siku kadhaa bila kukutana na msafara wa watalii, ndiko kwenyewe.

Shida inaanzia hapo.

Ufukwe unaohama

Rukwa halina mto unaotoka. Maji yanayoletwa na mito kama Momba na Songwe huondoka kwa kukaushwa na jua, na ziwa lenyewe lina kina kifupi. Ndiyo maana linatanuka na kusinyaa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1929 lilikuwa na urefu wa takriban kilomita 50 tu. Miaka kumi baadaye lilifika takriban 128. Vipimo vya karibuni vinataja takriban 180.

Kwenye kingo tambarare, maji yakipanda kidogo tu yanaingia ndani sana. Njia inayoonekana kavu kwenye picha ya setelaiti ya kiangazi inaweza kuwa tope tupu mwezi Machi, na kwenye tope hilo mamba yuko nyumbani kwake.

Majina nayo yanachanganya. Mito ya Songwe iko miwili: mmoja unaingia Rukwa, mwingine ni mpaka wa Tanzania na Malawi na unaishia Ziwa Nyasa. Uwanja wa ndege wa Songwe, uliofunguliwa 2012, uko Mkoa wa Mbeya! Mgeni anayetegemea kuandika jina kwenye simu anaweza kuelekezwa kwenye ziwa ambalo silo.

Nani atajua umepotea?

Kilimanjaro mgeni haruhusiwi kupanda bila mwongozaji, na jina lake linaandikwa getini. Asiporudi, kuna mtu wa kuuliza. Mwambao wa Rukwa hauna geti. Nje ya vijiji, mtandao wa simu si wa kuutegemea. Mtu akiteleza na kuvunjika mguu, hatari kubwa si mguu wenyewe, ni kwamba hakuna anayemsubiri.

Kusubiri mradi mkubwa si jibu. REGROW, mradi wa utalii wa kusini wa Dola milioni 150 ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017, ulilenga Ruaha, Mikumi, Udzungwa na Nyerere. Songwe haikuwemo, na mradi wenyewe ulifutwa 2024.

Kinachowezekana ni kidogo na hakina gharama kubwa: daftari la wageni kwa mtendaji wa kijiji, namba ya simu ya ndugu, tarehe ya kurudi, na kijana wa hapohapo anayelipwa kumsindikiza. Mvuvi anajua maji yamefika wapi wiki hii, jambo ambalo ramani haijui. Hela ya kumsindikiza mgeni ingebaki kijijini. Kwa sasa mgeni akipita kimyakimya, kijiji hakipati kitu, ila akipotea ndicho kitakachoingia porini kumtafuta.

Kwa anayepanga safari, njia ya kwenda Kamsamba inachepuka kutoka barabara kuu pale Mlowo. Afadhali kiangazi, Juni hadi Oktoba. Baada ya Kamsamba, Daraja la Momba linavusha hadi Kilyamatundu, Mkoa wa Rukwa. Huko kuna mtendaji mwingine, na hodi inapigwa upya.