Mgumo wa Westlands uliokolewa. Chwaa wetu je?

Wasee, hakuna mtu Rusinga anakataa lami. Stima pia tunaitaka. Lakini mti ukiwa njiani, nani huulizwa?

Novemba 2020, mgumo wa karibu miaka 100 pale Waiyaki Way, Westlands, ulikuwa uondolewe kupisha Nairobi Expressway. Watu wakapiga kelele, Rais Uhuru Kenyatta akaamuru uachwe. Poa sana. Lakini huo ni mti mmoja, na uko mahali kila mtu anauona. Mkwaju wa huku kisiwani, chwaa yetu, pale wamama wa omena hupumzika na watu wa boda hungoja abiria, hautatolewa amri na Rais.

Sheria ya mazingira ya 1999 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini, na NEMA ipokee maoni ya wananchi. Shida ni kwamba wengi hutokea msumeno ukishaanza kulia.

Kwa hivyo chifu akiita baraza la barabara, twendeni. Tuulize: miti mingapi inakatwa? Ipi inaweza kuepukwa? Nani atapanda mingine, na nani ataimwagilia? Majibu yaandikwe kabla mashine hazijafika. Kivuli cha miaka 50 hakilipwi na miche ya kupigia picha.